Mwalimu Naye ni Mwanafunzi: Kutafakari Upya Mafunzo Kazini ya Walimu wa Kiswahili Lodwar na Kakuma

Ikisiri

Makala haya yanajadili mafunzo kazini ya walimu wa Kiswahili kwa kurejelea shule za Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba mafunzo yanayotolewa kwa walimu wote kwa namna moja, mbali na madarasa yao, hayamsaidii ipasavyo mwalimu ambaye wanafunzi wake wanakijia Kiswahili kutoka pande tatu: kama lugha ya pili, kama lugha ngeni kabisa, na kama lugha ya nyumbani isiyokuwa sanifu. Makala yanapendekeza kwamba daftari la mwanafunzi liwe ndilo kitabu cha kwanza cha mafunzo ya mwalimu. Pendekezo hilo linafafanuliwa kwa mifano ya kisarufi na ya kifasihi, na pingamizi zinazoweza kutolewa zinajibiwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii hutumiwa kumsuta mtu mwenye maneno mengi na matendo machache. Hata hivyo, inaweza pia kusomwa kama kauli kuhusu elimu: kuna maarifa ambayo hayawi maarifa mpaka yatendwe. Mwanamke wa Kiturkana anayesuka kikapu kwa majani ya mkoma hakufunzwa ufundi huo kwa kusomewa hatua zake. Aliketi kando ya msukaji, akashika majani, akakosea, akafumua, akasuka tena. Mwalimu wake hakumpa somo walilopewa wasukaji wote. Alimwonyesha pale alipokosea yeye.

Ni ajabu basi kwamba mwalimu, ambaye kazi yake ni kuwafunza wengine, mara nyingi hafunzwi hivyo. Akisha kuhitimu chuoni, mafunzo anayoyapata baadaye huwa ni semina ya siku chache wakati wa likizo, ukumbini, akiwa mmoja kati ya walimu wengi wanaosikiliza mhadhara ule ule. Hurudi shuleni na karatasi. Darasa analolirudia halikuwako ukumbini.

Jambo hili lina uzito mahali popote, lakini Turkana uzito wake ni mkubwa zaidi. Lodwar, makao makuu ya kaunti, na Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, ni miji miwili ya kaunti moja inayofuata mtaala mmoja. Hata hivyo, darasa la Kiswahili la Lodwar na lile la Kakuma hayafanani, na hakuna kati ya hayo mawili linalofanana na darasa analowaziwa mwalimu anapoandaliwa semina.

2.0 Mafunzo Kazini Nchini Kenya kwa Ufupi

Kenya haikukosa juhudi katika uwanja huu. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Japani la JICA, ili kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Mradi huo ulisisitiza shughuli za mwanafunzi, majaribio na ubunifu wa vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana karibu. Mafunzo yenyewe yaliteremka ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, na wa wilaya wakawafunza walimu. Mwalimu wa Kiswahili hakuwa miongoni mwa walengwa. Ikawa kana kwamba sayansi ndiyo inayohitaji vitendo, na lugha inatosheka na maelezo.

Mwaka 2001 ulianza mpango wa mafunzo ya walimu wa shule za msingi uliojulikana kama SbTD, ambapo walimu walisoma moduli wakiwa shuleni kwao na kukutana katika vikundi. Kisha, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Tusome ulienezwa nchini kote kwa madarasa ya chini, ukishughulikia Kiingereza na Kiswahili. Humo maafisa wa elimu walitarajiwa kuingia madarasani, kumtazama mwalimu akifundisha, na kuzungumza naye baadaye. Hii ilikuwa hatua ya maana, kwa kuwa mazungumzo yalihusu somo lililofundishwa asubuhi ile. Lakini mradi ulifadhiliwa na USAID, shirika lililofungwa mwaka 2025. Jambo lolote linalotegemea mfuko wa nje hukaa kwa muda wa mfuko huo.

Mwezi Septemba mwaka 2021, Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) ilizindua mpango wa maendeleo ya kitaaluma wa moduli zinazofuatana kwa miaka mingi ya utumishi, mwalimu akitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka. Malalamiko ya walimu yalihusu zaidi ada hiyo. Makala haya yanauliza swali jingine: je, moduli iliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu yeyote inamjua mwalimu huyu? Aidha, mpango huo ulielekezwa kwa walimu waliosajiliwa na Tume. Katika shule za kambi ya Kakuma, walimu wengi ni wakimbizi wenyewe. Wanapokea posho kutoka kwa mashirika, na wengi wao waliingia darasani bila kupitia chuo cha ualimu. Hao walibaki nje ya mlango.

Kakuma yenyewe, hata hivyo, imewahi kutoa mfano mwema. Mwaka 2016, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ikishirikiana na Finn Church Aid na UNHCR, iliendesha huko mradi uliounganisha mambo matatu: warsha, walimu kuwaongoza walimu wenzao, na ushauri kwa njia ya simu kutoka kwa walimu walioko nchi nyingine. Funzo kubwa la mradi huo ni kwamba mwalimu mkimbizi si mpokeaji tu wa mafunzo. Anaweza kuwa mkufunzi wa mwenzake.

3.0 Darasa Moja, Milango Mitatu

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tangu hapo imepokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na katika miaka ya 2010 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani yake. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo la lazima katika elimu ya msingi. Kwa hiyo, mtoto aliyezaliwa Bor, Mogadishu au Uvira hujikuta anasoma ngeli za nomino kwenye benchi moja na mtoto wa Kiturkana aliyezaliwa kando ya mto Tarach.

Watoto hawa huingia katika Kiswahili kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa mtoto wa Kiturkana. Kwake Kiswahili ni lugha ya pili, aisikiayo sokoni na redioni. Lugha yake ya kwanza si ya Kibantu. Ina jinsi tatu za nomino, yaani ya kiume, ya kike na isiyo ya upande wowote, na kwa kawaida sentensi yake huanza na kitenzi. Huyu ndiye mwanafunzi mkuu wa Lodwar.

Mlango wa pili ni wa mtoto kutoka Sudan Kusini au Somalia. Kwake Kiswahili ni lugha ngeni. Kidinka hutofautisha umoja na wingi kwa kubadilisha sauti ndani ya neno, hivyo wazo la kiambishi ngeli mwanzoni mwa neno ni jipya kwake. Kisomali kina jinsi mbili, na kitenzi chake hupendelea kukaa mwisho. Lakini watoto hawa hawaji mikono mitupu. Aliyesikia Kiarabu, au aliyepitia chuo cha Kurani, anatambua kitabu, kalamu, wakati na dunia siku ya kwanza anapoyasikia.

Mlango wa tatu ni wa mtoto kutoka mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Huyu anakizungumza Kiswahili tangu utotoni. Anaota kwa Kiswahili. Kisha hupata alama ya chini katika mtihani wa Kiswahili, akaambiwa hakijui.

Semina ya jumla haiwezi kuingia kwa milango yote mitatu kwa wakati mmoja. Ikisema "mkazie mwanafunzi upatanisho wa kisarufi", imesema kweli, lakini haijamsaidia mwalimu kujua ni mwanafunzi yupi, kwa sababu gani, na kwa njia ipi.

4.0 Kosa Moja, Maana Tatu

Tangu S. Pit Corder alipoandika mwaka 1967 kuhusu umuhimu wa makosa ya wanaojifunza lugha, uchanganuzi wa makosa umetufundisha kwamba kosa ni ushahidi. Linaonyesha kanuni ambayo mwanafunzi amejiundia akilini. Tuchukue sentensi moja ya kutolea mfano:

Watoto wanakuja na vitabu.

Tuseme kwamba wanafunzi watatu wameiandika hivi:

(a) Batoto banakuya na bitabu.
(b) Watoto anakuja na vitabu.
(c) Wanakuja watoto na vitabu.

Mwalimu mwenye madaftari mia moja mezani huenda akatia alama ya kosa mara tatu na kuendelea. Tukizitazama kwa makini, sentensi hizi zinasimulia habari tatu tofauti.

Mwandishi wa (a) ametumia Kiswahili cha Kongo. Upatanisho wake ni timamu: ba- ya nomino inakubaliana na ba- ya kitenzi, na bi- imesimama mahali pa vi-. Huyu anaumiliki mfumo wa ngeli. Anachohitaji ni jedwali dogo la kubadilisha viambishi, pamoja na kuelezwa kwamba kuna Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha mtihani. Kumrudisha kwenye somo la "ngeli ni nini" ni kumpotezea muda na kumvunja moyo.

Mwandishi wa (b) ameandika nomino zote mbili sawasawa, na kwa haraka mtu angesema kwamba ndiye aliyekaribia zaidi. Kumbe ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Huenda amelimeza neno "anakuja" zima zima, bila kujua kwamba a- ni kiungo kinachobadilika. Huyu anahitaji mazoezi ya mdomo na ya mwili: mtoto mmoja atembee, darasa liseme "anakuja", watatu watembee, darasa liseme "wanakuja".

Na mwandishi wa (c)? Huenda ameufuata mpangilio wa Kiturkana. Lakini je, amekosea? Kiswahili chenyewe hukitanguliza kitenzi, hasa katika usimulizi, mhusika anapoingizwa jukwaani: akatokea mzee mmoja, wakaja wageni. Huyu anahitaji kufundishwa ni wapi mpangilio huo unafaa. Akitiwa alama nyekundu tu, atajifunza kuiogopa sentensi ambayo msimulizi wa ngano angeitumia bila wasiwasi.

Tafsiri hizi ni dhana, wala si hukumu. Mwalimu atazithibitisha kwa kumwuliza mtoto na kutazama kazi zake nyingine. Hapo ndipo kiini cha hoja yetu kilipo: ujuzi wa kusoma kosa hauwezi kuhadhiriwa kwa siku moja. Ni ufundi, na ufundi hupatikana kwa kushika kazi yenyewe mbele ya fundi mwenzako.

5.0 Kikao cha Madaftari

Tunapendekeza utaratibu ambao tutauita kikao cha madaftari. Walimu wanne hadi sita wa shule moja, au wa shule jirani, hukutana kila baada ya wiki mbili kwa muda wa saa moja. Kila mmoja huja na madaftari matatu ya kazi moja: la mwanafunzi anayefaulu, la wa wastani, na la anayesumbuka. Kikao hufuata hatua hizi:

Kwanza, mwenye zamu husoma kwa sauti kosa moja lililomtatiza. Halitaji jina la mtoto.

Pili, wenzake hujibu swali moja tu: mtoto huyu alijua nini hata akaandika hivi? Hairuhusiwi kuanza na "hajui".

Tatu, kikundi hubuni zoezi la dakika kumi kwa ajili ya kosa hilo, kwa vifaa vilivyopo: mawe, vijiti, kadi za katoni, wanafunzi wenyewe.

Nne, mwalimu hulijaribu zoezi darasani mwake, naye mwenzake mmoja huketi nyuma na kuhesabu jambo moja walilokubaliana, kwa mfano, ni watoto wangapi waliofungua kinywa.

Tano, kikao kinachofuata huanza kwa matokeo, mazuri au mabaya, na yote huandikwa katika daftari la kikundi.

Utaratibu huu unambinafsishia kila mwalimu mafunzo yake bila gharama kubwa. Mwalimu mkimbizi asiyepitia chuo atakuja na swali la kulimudu darasa kubwa. Mwalimu mwenye shahada aliyehamishiwa Lodwar kutoka pwani au magharibi, asiyejua Kiturkana, atakuja na swali la mpangilio wa maneno. Kila mmoja atakuta mwenzake ana jibu. Mwalimu Mkongo wa Kakuma, ambaye pengine husahihishwa matamshi yake, ndiye atakayewaeleza wengine kwamba "banakuya" ina kanuni. Mwalimu Mturkana ndiye atakayeeleza kwa nini kitenzi kimetangulia. Kilichoonekana kuwa upungufu wake kitakuwa utaalamu wake.

Wazo la walimu kujifunza pamoja shuleni si geni katika ukanda wetu. Tanzania, kupitia mpango wake wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), imezihimiza jumuiya za ujifunzaji katika shule. Tunachoongeza hapa ni chombo mahususi cha mwalimu wa lugha, yaani daftari, na mazingira mahususi ya lugha nyingi.

Vilevile, Lodwar na Kakuma zinaweza kusaidiana. Swali la kikundi cha Kakuma linaweza kutumwa kwa simu, kwa sauti, na kujibiwa na kikundi cha Lodwar jioni ile ile. Safari ya kilomita 120 haihitajiki kila mara.

6.0 Nafasi ya Fasihi

Inaweza kudhaniwa kwamba utaratibu huu unaifaa sarufi peke yake. La hasha. Fasihi ndiyo iliyodhulumiwa zaidi na mihadhara. Mwalimu hufunzwa ukumbini orodha ya tanzu na sifa zake, naye huenda kuwaandikisha wanafunzi orodha ile ile. Wanajua kwamba ngano ina fomula ya kutangulizia, ilhali hawajawahi kusimama na kusimulia ngano moja.

Turkana ni ghala la fasihi simulizi, na Kakuma ni ghala la maghala. Katika darasa moja kuna watoto waliosikia hadithi za Kiturkana, za Kidinka, za Kisomali na za Kikongo. Zoezi la kikao linaweza kuwa hili: kila mwalimu amwombe mtoto mmoja hadithi moja aliyosimuliwa nyumbani kwa lugha ya kwao, kisha darasa liifasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Katika kufasiri, masuala yote ya somo huibuka yenyewe: wakati wa masimulizi na kiambishi -ka-, majina ya wanyama na upatanisho wao, methali inayokosa kifani, mpangilio wa kitenzi uliojadiliwa hapo juu. Mwalimu naye hujifunza, kwa sababu hadithi ile hakuijua. Katika somo hilo hata mtoto aliyenyamaza muhula mzima huwa ndiye mwenye mali.

Hapo pia mwalimu hugundua kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi simulizi. Hawezi kuufundisha kama yeye mwenyewe hajawahi kutenda mbele ya wenzake. Kwa hiyo kikao kimtake naye asimulie.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba kipofu hawezi kumwongoza kipofu. Ikiwa walimu wengi hawakusomea ualimu, watafunzana nini? Hoja hii ina ukweli. Vikundi vinahitaji wataalamu, lakini mtaalamu aje kujibu swali lililozaliwa kikaoni, asije na jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Tangu mwaka 2017 Lodwar ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, na vyuo vyetu vingine vina idara za Kiswahili. Mtaalamu si lazima atoke mbali.

Pingamizi la pili ni la muda na wingi wa wanafunzi. Mwalimu wa watoto mia moja hana nafasi ya vikao. Jibu letu ni kwamba kikao hakimtaki asahihishe zaidi. Kinamtaka asome madaftari matatu kwa kina. Akiwajua wanafunzi wake kwa makundi ya mahitaji, zoezi moja lililolengwa vyema litamwokolea masomo kadhaa ya kurudia.

Pingamizi la tatu ni kwamba kuheshimu Kiswahili cha Kongo ni kukiharibu Kiswahili sanifu. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja moja, Kiunguja, na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu waliofika shuleni walitakiwa kuvuka kutoka lahaja zao, nao walivuka. Tunaomba mtoto wa Uvira apewe daraja hilo hilo. Lengo linabaki kuwa usanifu. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia safari.

Pingamizi la nne linahusu vyeti. Mwalimu hupanda cheo kwa vyeti, na kikao hakitoi cheti. Hapa hatuna budi kuwasihi wenye mamlaka: daftari la kikundi lenye matatizo, majaribio na matokeo ya mwaka mzima lihesabiwe kuwa ushahidi wa mafunzo. Na kwa mwalimu mkimbizi, lihesabiwe kuwa mwanzo wa safari ya kutambuliwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Lodwar na Kakuma hakosi bidii, wala hakosi semina. Anachokosa ni nafasi ya kujifunza kutokana na darasa lake, kwa mikono yake, pamoja na wenzake. Miradi imekuja na kuondoka. Utaratibu utakaodumu ni ule usiohitaji kitu ambacho mwalimu hana, na hakuna mwalimu asiye na madaftari.

Neno la mwisho tunajielekezea sisi wenyewe, wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu. Tumezoea kwenda nyanjani tukiwa na hojaji, tukakusanya data, tukarudi kuandika tasnifu ambazo mwalimu aliyetujibu hatazisoma. Mwenzetu atakayekwenda Lodwar au Kakuma na aombe kiti katika kikao kimoja kabla ya kutoa hojaji yake. Achukue daftari moja, asome sentensi moja ya mtoto, ajaribu kujibu swali lile: huyu alijua nini hata akaandika hivi? Huenda akagundua kwamba ujuzi wake wa ngeli, alioupatia alama nzuri, haujajaribiwa bado. Kuuliza si ujinga, na mwalimu aliyeacha kujifunza ameanza kusahau.